Kola za umeme za kufundishia mbwa: mbwa anajifunza nini hasa?

MkufunziBunju (mleta mada)

Wanajamvi, habari za leo. Nafundisha mbwa wa ulinzi na wa nyumbani hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote siku hizi halihusu chanjo wala chakula. Wateja wanataka kujua kama wanunue kola ya umeme, kwa sababu wameiona kwenye video fupi: mbwa anakurupuka kumfuata paka, mwenye mbwa anabonyeza rimoti, mbwa anageuka papo hapo na kurudi miguuni pake. Anayeitazama hujiuliza kwa nini ahangaike miezi na miezi na mfuko wa dagaa wa kumzawadia mbwa mkononi. Nimeona afadhali niweke msimamo wangu hapa kwa kirefu, halafu wenye uzoefu tofauti wanipinge.

Kwa wasioifahamu, kola hiyo ina kisanduku kidogo chenye betri ya kuchaji, na upande wa ndani kina vijiti viwili vya chuma ambavyo ni lazima viguse ngozi ya shingo, kwa hiyo hufungwa kwa kubana kuliko kola ya kawaida. Mwenye mbwa hushika rimoti yenye viwango vya nguvu, na mara nyingi huwa pia na kitufe cha mlio na cha mtetemo. Ipo aina nyingine inayojiwasha yenyewe mbwa anapobweka, na ipo ile inayofanya kazi pamoja na waya uliofukiwa kuzunguka kiwanja, ambapo mbwa akiukaribia waya hupigwa shoti. Hii ya rimoti ilianza kuenea Marekani katika miaka ya 1960 mikononi mwa wawindaji, ambao mbwa wao hufanya kazi mbali kiasi kwamba sauti ya mtu haiwafikii. Kifaa kilibuniwa kwa ajili ya mbwa aliyekwisha kufundishwa amri zake zote, wala hakikubuniwa kwa mtoto wa mbwa wa miezi minne anayetafuna ndala uani Tegeta.

Hoja yangu kubwa ni hii: shoti haimwambii mbwa kwamba amekosea. Inamwambia tu kwamba kile alichokuwa anakitazama, anachokinusa au anachokisikia wakati ule kinauma. Wewe unayebonyeza unajua unamwadhibu kwa kukaidi amri, ila yeye hana habari na nia yako, naye huunganisha maumivu na kitu chochote kilichoijaza akili yake katika sekunde ile moja.

Watafiti wa Hannover, Ujerumani, walilionyesha jambo hili vizuri katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Walichukua mbwa 14 wa aina ya Beagle na kuwafundisha kuwinda sungura wa bandia, kisha wakawagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipigwa shoti pale tu mbwa alipomgusa yule sungura. Kundi la pili lilipigwa mbwa alipoitwa akakataa kurudi. Kundi la tatu lilipigwa ovyo, bila utaratibu ambao mbwa angeweza kuutambua. Walipopima kotisoli, yaani homoni ya msongo, kwenye mate, wale waliopigwa kwa kugusa walikuwa na nafuu kubwa, kwa sababu walielewa upesi kwamba ukimwacha sungura huumii. Waliopigwa ovyo walikuwa na msongo mkubwa kuliko wote, na waliopigwa kwa kukataa wito wakawafuatia. Sasa nawaomba mjiulize wateja wetu wanainunua kola hii kwa matumizi gani. Karibu wote wanataka mbwa arudi anapoitwa, na hayo ndiyo matumizi ya kundi la pili. Na kwa kuwa kidole cha mtu asiyezoea huchelewa, matumizi ya kundi la pili huteleza kirahisi yakawa ya kundi la tatu.

Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2004, uliangalia mbwa wa ulinzi waliokwisha kufundishwa kwa kola hizo na kuwalinganisha na wenzao waliofundishwa kwa ukali wa kawaida bila umeme. Wale wa umeme walitembea wameinamisha mwili na kushusha masikio, si uwanjani tu, bali hata walipopelekwa matembezi ya kawaida bustanini na mabwana wao. Watafiti walihitimisha kwamba mbwa hao walikuwa wamejifunza kuwa bwana wao akiwapo, au akitoa amri, basi shoti iko njiani. Yaani mtu aliyenunua kifaa ili mbwa amsikilize aliishia kuwa yeye mwenyewe ndiye dalili ya maumivu.

Hapa kwetu hatari ninayoihofia zaidi ni ya getini. Mbwa amezoea kuwabwekea watoto wa shule wanaopita saa saba mchana. Mwenye nyumba amesimama barazani na rimoti yake. Kila mtoto akipita na mbwa akaanza kubweka, anabonyeza. Baada ya wiki mbili mbwa amenyamaza kweli, na mwenye nyumba anawasifia waliomuuzia. Lakini mbwa yule ameumizwa siku nenda siku rudi akiwa amemkazia macho mtoto mwenye sare na begi. Siku geti likiachwa wazi, mbwa haoni mtoto anayepita, anaona kitu kinachomletea maumivu, naye haonyi tena kwa kubweka kwa sababu kubweka amekatazwa. Si jambo la kubuni: mwaka 2000 ilichapishwa nchini Marekani taarifa ya kitaalamu yenye visa vitano vya watu walioshambuliwa vibaya na mbwa waliowekewa zile kola za waya uliofukiwa.

Kuhusu sheria nitasema kidogo tu. Wales ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2010. Mahakama ya juu ya masuala ya utawala ya Ujerumani iliamua mwaka 2006 kwamba haziruhusiwi kutumika, hata na mtu mwenye ujuzi. Uswisi, Austria na nchi za Skandinavia nazo zimezizuia. Uingereza penyewe serikali ilitangaza mwaka 2018 kwamba itazizuia, kanuni zikaandaliwa zianze Februari 2024, na muda ukapita bila kupitishwa. Sitaki mtu aache kola kwa sababu tu Wazungu wamekataza. Nimetaja ili tujue kwamba mabishano haya yamefika hadi mahakamani na bungeni, si maneno ya watu wanaodekeza mbwa.

Karibuni.

MfugajiKajiado

Ndugu mkufunzi, nakushukuru kwa maelezo marefu na yaliyopangika, ila naona umeandika kwa macho ya mtu wa mjini. Mimi niko Kajiado na nina mbuzi na kondoo. Mbwa wangu mmoja, chotara wa German Shepherd, ana akili na ni mlinzi hodari usiku, lakini mchana akiona mwanambuzi anakimbia, masikio yake hufungwa kabisa. Ameshaua. Katika desturi ya huku mbwa wa namna hiyo hapewi semina. Anapigwa risasi au anapewa sumu, na akiua mbuzi wa jirani mimi ndiye nitakayelipa. Kwa hiyo kwangu swali haliko kati ya umeme na dagaa, liko kati ya umeme na kifo.

Pia usituletee tafiti za upande mmoja. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walichapisha utafiti wa mbwa 19 waliokuwa wakikimbiza chambo kinachovutwa kwa mashine. Waliofundishwa kwa kola ya umeme waliacha kukimbiza baada ya vipindi vichache tu, na waliofundishwa kwa chakula hakuna hata mmoja aliyeacha katika muda uliopangwa. Zaidi ya hayo, ukiacha vilio vya papo kwa papo, watafiti hawakukuta dalili kubwa za msongo kwa wale wa umeme. Hilo unalijibu vipi? Tena nakuomba usinijibu kwa mbwa wa sebuleni.

DaktariMifugoMoro

Naingilia kidogo kabla mleta mada hajajibu, kwa sababu lipo jambo la kitabibu ambalo wote wawili hamjaligusa.

Wanaoletwa kliniki hawaletwi kwa ajili ya shoti. Wanaletwa kwa ajili ya vidonda. Vile vijiti viwili vya chuma vikikaa mahali pamoja kwa saa nyingi huibana ngozi hadi damu isipite, na ngozi hufa. Kwa mbwa mwenye manyoya mengi mwenye mbwa haoni kitu hadi harufu ianze, na hapo unakuta matundu mawili yaliyooza upande wa koo, wakati mwingine yakiwa na funza, hasa msimu wa mvua nzi wanapokuwa wengi. Watu husema umeme umemchoma, na mara nyingi si umeme, ni mgandamizo tu. Mwenye kuitumia anapaswa kuihamisha mahali kila baada ya saa chache na kumvua mbwa usiku, ila mnajua wenyewe kwamba kola ikishafungwa hapa kwetu hufungwa moja kwa moja, kama mnyororo.

Jambo la pili ni ubora wa vifaa. Watafiti wa Uingereza waliopima kola za kampuni mbalimbali walikuta tofauti kubwa kati ya moja na nyingine katika nguvu na urefu wa shoti, hivyo kiwango cha tatu cha kola hii hakilingani na kiwango cha tatu cha ile. Ongeza unyevu: shingo kavu na shingo iliyolowa hazipitishi umeme kwa kiasi kimoja. Mbwa aliyetoka kuoga au aliyenyeshewa anaweza kupata, kwa kiwango kilekile, kitu tofauti kabisa na alichopata jana.

MlinziMstaafu

Wanangu, mimi nimelala na mbwa wa ulinzi maghalani kabla wengi wenu hamjazaliwa, na hizo kola hazikuwapo. Tulikuwa na kamba, mnyororo na fimbo. Ninachotaka kuuliza ni kimoja. Huyu mbwa anayefundishwa kwa vipande vya nyama, mwizi akimtupia kipande cha nyama usiku atafanya nini? Mbwa wa ulinzi lazima awe na hofu ya bwana wake, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya asiyumbe. Nisahihisheni kama nimepitwa na wakati.

MkufunziBunju (mleta mada)

Shikamoo mzee. Naanza na swali lako kwa kuwa ni fupi, kisha nitarudi kwa ndugu yetu wa Kajiado ambaye swali lake ni zito.

Mbwa anayefundishwa kwa zawadi hafundishwi kula kila kinachoanguka chini. Anafundishwa kwamba chakula hutoka kwenye mkono fulani baada ya kazi fulani, na kukataa chakula cha mgeni ni somo linalojitegemea, ambalo nalo hufundishwa kwa zawadi kubwa kuliko ile anayoikataa. Mwizi wa nyama mzee wangu anampata kwa urahisi zaidi mbwa mwenye njaa, na mbwa wengi wa maghala wanalala njaa, hilo unalijua kuliko mimi. Kuhusu hofu, angalia mbwa wanaonusa pembe za ndovu kwenye bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki, ambao wengi wao hupitia mafunzo Usa River karibu na Arusha. Mbwa yule ananusa mamia ya mizigo kwa siku, na malipo yake ni kurushiwa mpira. Ukimtia hofu ataacha kukuonyesha, kwa sababu kuonyesha ni kujiweka hatarini.

Tena si lazima twende kwa mbwa. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya husikia mlio mdogo wa kubofya, kisha hupewa ndizi au karanga, na mafunzo huchukua takriban miezi tisa. Magawa, panya aliyetoka hapo na kupelekwa Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya kutafuta mabomu. Kazi ambayo kosa moja lingeua mtu haikuhitaji hata chembe ya umeme, na wafundishaji wake ni vijana wa hapahapa nchini.

MfugajiKajiado

Panya wa Morogoro namheshimu, lakini hajawahi kukimbiza mbuzi wa mtu. Nasubiri jibu langu.

JiraniWaKimara

Samahani wakuu kwa kuchomekea. Kwangu tatizo ni kubweka usiku. Jirani ameshanishtaki kwa mjumbe. Kuna kola inayojiwasha yenyewe mbwa akibweka, bei yake si kubwa. Hiyo nayo ni mbaya?

DaktariMifugoMoro

Jirani, kabla ya kola nijibu haya: mbwa amefungwa saa ngapi, anafunguliwa saa ngapi, na anatembezwa lini? Mbwa aliyekaa kwenye mnyororo tangu asubuhi hadi usiku anabweka kwa sababu hana kitu kingine cha kufanya, na mwingine anabweka kwa sababu banda linatazama njia ya watu. Geuza banda, ziba upande wa barabara kwa mabati au makuti, mtembeze jioni hadi achoke, umlishe usiku badala ya asubuhi. Kola ile ya kujiwasha haijui tofauti ya kubweka kwa uchovu wa kukaa na kubweka kwa sababu mtu anaruka ukuta. Nyingine huchokozwa hata na mbwa wa jirani akibweka karibu, ukawa unamwadhibu wako kwa kosa la mwenzake. Na kama ulimnunua mbwa akulinde, utakuwa umelipia kifaa cha kumzuia asikulinde.

MkufunziBunju (mleta mada)

Ndugu wa Kajiado, sasa nageukia kwako, na nitaanza kwa kukubali unachostahili kukubaliwa.

Utafiti wa Arizona naufahamu na sina sababu ya kuukana. Kola ya umeme inaweza kuzima hamu ya kukimbiza, na inaizima haraka kuliko chakula. Ukitaka ushahidi mwingine wa upande wako, nchini New Zealand mbwa wa wawindaji hufundishwa kumkwepa kiwi, yule ndege asiyeruka, kwa kutumia kola hizo, na idara yao ya uhifadhi inautambua utaratibu huo, kwa sababu mbwa mmoja anaweza kumaliza ndege wengi katika msitu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba umeme haufanyi kazi. Unafanya.

Lakini tazama kwa makini unavyofanya kazi kule unakofanya. Katika somo la kiwi, mbwa hapigwi kwa kukataa wito. Anaachwa anuse kiwi mfu au kinyago chenye harufu yake, na anapigwa pale tu pua inapokifikia, na mkufunzi aliyeidhinishwa. Bwana wake haongei, haamrishi, wala hashiki rimoti. Baada ya hapo kola inavuliwa na mbwa anarudi nyumbani, akipimwa tena baadaye kama bado anakumbuka. Huo ni utaratibu wa lile kundi la kwanza la Hannover: maumivu yamefungwa kwenye kitu kimoja kilicho wazi, na njia ya kuyakwepa iko wazi vilevile. Arizona nako rimoti ilikuwa mkononi mwa mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya maisha, na kilichokimbizwa ni chambo kimoja kinachopita mahali pamoja, kwa muda wa siku chache. Hakuna mtoto aliyekuwa anapita nyuma, hakuna mchungaji anayepiga kelele, hakuna mbwa wengine.

Sasa hamisha hayo yote hadi bomani kwako. Mbwa anaanza kukimbia, mbuzi wanatawanyika, mchungaji anapiga ukemi, mbwa wa jirani anaingia, nawe unatafuta rimoti mfukoni. Unapobonyeza, mbwa anaweza kuwa anamtazama mwanambuzi, au mchungaji, au yule mbwa mwingine. Ukibahatika, ataogopa mbuzi. Usipobahatika, utakuwa na mbwa anayemwogopa mchungaji wako, au anayempiga mwenzake meno kila kola inaposhtuka. Na hata ukibahatika lipo tatizo la pili: huyu ni mlinzi wa mifugo yako usiku. Mbwa aliyejifunza kwamba mbuzi wanauma atalala mbali nao. Kwa mwindaji wa New Zealand hilo ndilo lengo, kwa kuwa anataka mbwa wake asiukaribie kamwe uwepo wa kiwi. Wewe unataka mbwa akae katikati ya mbuzi akiwa ametulia.

Kuhusu kulinganisha na chakula, Uingereza walilifanya hilo kwa tatizo linalofanana na lako. Chuo Kikuu cha Lincoln walichukua mbwa 63 wa watu wa kawaida, wengi wao wakiwa na tabia ya kutoitika wito au kukimbiza kondoo na wanyama wengine. Kundi moja lilifundishwa kwa kola na wakufunzi waliopendekezwa na watengenezaji wa kola wenyewe, la pili na wakufunzi haohao bila kuwasha kola, na la tatu na wakufunzi wa zawadi. Matokeo yalitoka mwaka 2014: wenye mbwa wa makundi yote walisema kuna nafuu, bila tofauti ya maana kati yao, ila wale wa umeme walionyesha msongo zaidi, wakipiga miayo na kukakamaa. Uchambuzi wa pili wa video zilezile, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba mbwa wa zawadi waliitikia amri ya kwanza mara nyingi zaidi na kwa haraka zaidi. Arizona na Lincoln hazipingani kama zinavyoonekana. Arizona waliuliza ni njia ipi inazima mbio ndani ya siku chache. Lincoln waliuliza ni njia ipi inampa mwenye mbwa mnyama anayesikia anapoitwa. Wewe unahitaji jibu la swali la pili, na haraka ya siku chache unaihitaji tu kwa sababu mbwa wako ameachwa huru wakati wa mafunzo.

Ushauri wangu basi, na usiuchukue kama ni wa sebuleni. Kuanzia kesho mbwa huyu asikimbize hata mara moja, maana kila mbio ni karamu kwake na inafuta wiki nzima ya mafunzo. Mchana akae ndani ya uzio au kwenye kamba ndefu, na kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, isifungwe shingoni, kwa sababu akifika mwisho wa kamba kwa kasi atajiumiza. Mfundishe firimbi kwanza akiwa mbali kabisa na mifugo: piga, mpe ini la kuchemsha, piga, mpe, mpaka akisikia firimbi shingo igeuke yenyewe. Kisha msimamishe mahali anapowaona mbuzi lakini bado anaweza kula. Huo ndio mpaka wako. Kama anakataa ini, umesogea mno, rudi nyuma. Msubiri atazame mbuzi, na pale anapogeuza kichwa kukuangalia, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua, msifu na umlishe. Umbali unapunguzwa kidogo kidogo, kwanza na mbuzi waliotulia wanakula, na wanaokimbia waje mwisho kabisa. Ni kazi ya miezi, sikufichi.

Na kwa mbwa wako anayefuata, usinunue chotara wa German Shepherd, aina ambayo ilizalishwa ili itembee ikikusanya kondoo na ambayo macho yake huvutwa na kitu kinachotembea. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mifugo tangu mwaka 1994, na siri yao kubwa ni kwamba mtoto wa mbwa anawekwa zizini na mbuzi akiwa na wiki chache tu, analala nao, anakua akijua kwamba hao ndio jamaa zake. Botswana wamefanya hivyo kwa mbwa wa kienyeji na wamefanikiwa. Mbwa wa kienyeji wa Kimaasai hakosi kitu kwa kazi hiyo.

MlinziMstaafu

Hapo kwenye kulala zizini umesema kweli. Kwetu Singida mtoto wa mbwa alikuwa anatupwa zizini pamoja na wanambuzi kabla hajajua mama yake vizuri, na hatukuwa tumesoma popote.

MfugajiKajiado

Nimekusoma, mkufunzi. Hoja ya mbwa kulala mbali na mbuzi sikuwa nimeifikiria, na ndiyo iliyonigusa, maana huku chui na fisi hawangoji mwaliko. Bado nasema kwamba kama ningekuwa na mkufunzi mwenye kibali kama wa New Zealand hapa karibu, ningempelekea huyu mbwa siku hiyohiyo. Kwa kuwa hayupo, rimoti mkononi mwangu nakubali ingekuwa ya kubahatisha. Maswali mawili ya vitendo. Kamba iwe na urefu gani, na je, kamba ya katani ya kufungia ng'ombe inafaa? Na usiku, ambapo ni lazima awe huru, nifanyeje?

MkufunziBunju (mleta mada)

Mita 10 hadi 15 zinatosha. Zaidi ya hapo utashindwa kuidhibiti. Ya katani inachubua viganja na ikilowa inakuwa nzito, tafuta ile bapa ya nailoni inayotumika kufungia mizigo kwenye malori, na usiweke fundo katikati kwa sababu itanasa kwenye miba. Vaa glavu. Usiku mbuzi wakiwa wamefungiwa zizini hakuna wa kukimbizwa, kwa hiyo mwachie azunguke nje ya zizi kama kawaida yake, ila hakikisha uzio wa miiba hauna pengo la kupitisha mwanambuzi, na asubuhi umfunge kabla lango halijafunguliwa. Mchungaji wako ajue hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye anayeamka wa kwanza.

DaktariMifugoMoro

Mkanda wa kifuani nao ukaguliwe chini ya makwapa kila siku. Unachubua.